Aliyekula Zamu Yake Akaondoka

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwenye mkutano wa jioni wa Waswahili wa Windsor, Ontario. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliozuiwa na theluji.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wa hapa na ninyi jirani mliovuka daraja kutoka Detroit kuja kukaa nasi. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo? Asanteni kwa chai, na aliyeleta vitumbua Mungu amzidishie.

Katibu aliponiomba nizungumze, alitaka nizungumzie kodi, kwa kuwa kazi yangu ni kuandaa mishahara ya watu. Nikamwomba radhi. Kodi tutaiongea mwezi wa tatu, kila mtu akiwa na makaratasi mkononi na jasho mgongoni. Nilipoingia humu nimehesabu jezi nyekundu za Red Wings, timu ya hoki ya barafuni ya Detroit, kama kumi na tano, na tatu kati yake zina namba 13. Basi mada ikajileta yenyewe. Namba 13 alikuwa Pavel Datsyuk. Alipoondoka mwaka 2016 aliacha hesabu ambayo mimi, mtu wa mishahara, naiona tamu kuliko mabao yake. Wenye jezi msinipige.

Kwa wale ambao hoki ya barafuni bado ni kitu kigeni kwenu: mimi pia nilikuja mji huu nikidhani hoki ni ile ya nyasi, wanayocheza Wahindi na Wapakistani, na ambayo Kenya waliwahi kutamba nayo. Jirani yangu wa kwanza hapa alinipeleka ukingoni mwa mto akanionyesha ng'ambo ukumbi wa Joe Louis, ambao sasa umebomolewa, akaniambia, "Pale ndiyo msikiti wetu." Nikajua mambo ya hawa watu si mchezo. Na wala msiseme haituhusu. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, kuna uwanja mdogo wa barafu uliozaa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wale waliletwa Toronto, wakavalishwa vifaa vipya, na mlango wa chumba ulipofunguliwa wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon kucheza upande wao. Kwa hiyo tumo.

Lakini kabla sijafika kwa Datsyuk nitawarudisha Tanga kidogo, maana bila Tanga hesabu hii haieleweki.

Mama yangu alikuwa kijumbe, yaani mshika daftari, wa mchezo wa kupeana pesa kwa zamu mtaani kwetu Ngamiani. Wakenya mnaita chama, wenzetu wa Kongo mnaita likelemba, jambo ni lilelile. Wanawake kumi, kila mmoja anatoa shilingi elfu ishirini kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anabeba laki mbili. Daftari lilikuwa kaunta buku lenye jalada jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi wa charahani ili watoto tusiibe. Majina yamepangwa kushuka chini, miezi inakwenda pembeni, na kila aliyetoa anawekewa alama ya vema. Aliyebeba anazungushiwa duara.

Kulikuwa na mama mmoja, jina namhifadhi, alibeba zamu ya pili. Mwezi wa nne akatoa vizuri. Mwezi wa tano mumewe akapata uhamisho, wakaondoka alfajiri na lori la mizigo, wala hakuaga. Tazameni sasa: alishatoa elfu themanini, alishakula laki mbili. Laki moja na ishirini ikawa hewani. Wenzake waliokuwa wakisubiri zamu ya saba, ya nane, ya tisa, walikuja kukaa barazani kwetu wakimtazama mama. Mama ndiye kijumbe, yeye ndiye aliyemkubali. Kwa miezi sita mfululizo mama alijazia elfu ishirini kutoka kwenye pesa ya maandazi. Ndiyo maana mpaka leo mimi siwezi kuona duara kwenye daftari bila kuuliza: huyu amebeba, je, amemaliza kutoa?

Mwaka huohuo mwanachama mwingine, naye akiwa ameshabeba, aliacha kutoa. Huyu hakuhama. Alisema mgongo unamuuma, hawezi kukaanga samaki. Akalala ndani. Hakuna aliyemwendea kumdai. Mtu mgonjwa utamdaije? Watu walipita kumjulia hali na matunda juu. Nilikuwa mtoto na sikujua kama alikuwa mgonjwa kweli, na sasa ni mtu mzima na bado sijui. Wawekeni hawa wawili akilini, aliyehama na aliyelala. Tutawahitaji.

Sasa ligi. Ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, NHL, ilifuta msimu mzima wa 2004-05. Wamiliki walifunga milango mpaka wachezaji wakubali kitu kimoja: kikomo cha mishahara. Timu tajiri ya Toronto au New York isiweze kununua wachezaji wote wazuri. Kila timu ikapewa kiwango kilekile cha juu, na mwanzo kilikuwa dola milioni 39 kwa msimu. Kikawekwa na kiwango cha chini pia, ambacho timu hairuhusiwi kushuka. Kiwango hiki cha chini watu wengi hawakijali, nami nawaomba mkishike, kina kazi yake mbele.

Swali likawa: mshahara wa mchezaji unahesabiwaje kwenye kikomo? Wakakubaliana kuhesabu wastani. Mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 25, andika milioni tano kila msimu, hata kama mwaka wa kwanza analipwa nane na wa mwisho mbili. Kwa hiyo kila mchezaji ana namba mbili. Iko pesa anayoweka mfukoni, na uko uzito anaobeba kwenye daftari la ligi. Namba hizi mbili hazilazimiki kulingana mwaka kwa mwaka.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa na mahesabu ameshaona tundu lilipo. Ukitaka kumlipa mtu pesa nyingi na uzito uwe mdogo, refusha mkataba. Ongeza miaka ya uzeeni, ambayo wote mnajua hatacheza, umlipe kidogo sana katika miaka hiyo. Wastani unashuka. Anabeba zamu ya kwanza mnono, na mwisho wa daftari kuna miezi mitupu.

Kipa Roberto Luongo alisaini na Vancouver Canucks mwaka 2009 mkataba wa miaka 12, dola milioni 64. Uzito wake ukawa milioni 5.33 kila msimu. Tazameni pesa yenyewe ilivyogawanywa: msimu wa kwanza milioni 10. Misimu saba iliyofuata, takriban milioni 6.7 kila mmoja. Kisha milioni 3.4 hivi, kisha 1.6, halafu milioni moja, na milioni moja. Mkataba ulikuwa uishe akiwa na miaka 43. Hivi kuna mtu mle ofisini aliyeamini kwamba mzee wa miaka 43, nyonga zimechoka, atavaa kilo zote zile za vifaa kusimama golini kwa sehemu ya kumi ya mshahara wake wa mwanzo? Hakuna. Na ligi iliupokea mkataba ule na kuusajili.

Mwaka uliofuata New Jersey Devils wakavuka mpaka wa aibu. Walimpa Ilya Kovalchuk, Mrusi wa miaka 27, mkataba wa miaka 17 wa dola milioni 102, mpaka afike miaka 44. Misimu sita ya mwisho yote kwa jumla angelipwa milioni 3.5. Hapo ligi ikasema hapana, msuluhishi Richard Bloch akakubaliana na ligi, mkataba ukafutwa. Wakarudi na wa miaka 15, milioni 100, ukapita. Devils wakatozwa faini na kunyang'anywa zamu za kuchagua chipukizi, ingawa baadaye adhabu ilipunguzwa. Mimi hapo huwa nacheka: miaka 17 ni hila, 15 ni biashara halali.

Kisha milango ikafungwa tena, Septemba 2012 mpaka Januari 2013. Makubaliano mapya yaliyotoka yaliweka mwisho wa mikataba: miaka minane kwa timu inayombakiza mchezaji wake, saba kwa timu nyingine. Lakini ile mikataba mirefu ya zamani ilishasainiwa. Ligi ikatunga kanuni ya kuirudia. Mchezaji mwenye mkataba wa zamani wa miaka saba au zaidi akistaafu kabla haujaisha, ligi inafungua daftari tangu mwanzo. Inahesabu pesa aliyopokea, inatoa uzito uliohesabiwa, na kilichozidi kinarudishwa kwenye kikomo cha timu iliyofaidika, kikigawanywa kwa misimu iliyobaki ya mkataba. Hakuna hundi inayoandikwa hapo, mchezaji haguswi mfukoni. Timu inapoteza nafasi tu: inabeba uzito wa mtu ambaye hayupo. Ni laki moja na ishirini ya yule mama wa lori, na kijumbe anajazia.

Wa kwanza kuijaribu kanuni alikuwa Kovalchuk yuleyule. Julai 2013, miezi sita tu baada ya wino kukauka, alitangaza kustaafu akiwa ameacha mezani miaka 12 na dola milioni 77, akarudi Urusi kuchezea SKA ya St. Petersburg. Mnafikiri Devils waliumia? Fanyeni hesabu nami. Misimu mitatu, mshahara wa kwenye mkataba milioni 23. Uzito, milioni 20. Tofauti ni milioni 3, gawa kwa miaka 12: dola laki mbili na nusu kwa msimu, mpaka 2024-25. Kwa timu ya NHL hiyo ni pesa ya vibanio. Aliondoka mapema mno, alikuwa hajala sana kuliko alichotoa.

Hatari yenyewe iko kwa anayeondoka mwishoni, na hapa ndipo kanuni ilipofanya kichaa. Shea Weber, beki wa Nashville, mwaka 2012 alitiwa mtegoni na Philadelphia, waliompa mkataba wa miaka 14, milioni 110, wakijua Nashville lazima wampe mkataba uleule au wampoteze. Nashville wakampa. Misimu minne wakamlipa milioni 14 kila mmoja, yaani milioni 56, uzito wake ukiwa milioni 31.4 tu. Kisha Juni 2016 wakampeleka Montreal kwa kubadilishana na P.K. Subban. Sasa Weber yuko Montreal, lakini deni la milioni 24.6 limebaki Nashville, na linagawanywa kwa misimu itakayokuwa imebaki siku atakayostaafu. Akistaafu ikiwa imebaki mitano, kila msimu kama milioni tano. Akistaafu ikiwa imebaki mmoja, milioni 24.6 zote zinadondoka kwa mkupuo kwenye timu ambayo hajaichezea miaka mingi. Kwa miaka kadhaa Nashville, Tennessee, waliombea afya ya goti la mtu wa Montreal. Mwaka 2020 ligi na chama cha wachezaji wakaona wamepitiliza, wakaweka kwamba kwa msimu mmoja deni lisizidi uzito wa kawaida wa mchezaji.

Sasa Luongo. Machi 2014 Vancouver walimrudisha Florida Panthers, timu yake ya zamani, wakakubali kuendelea kubeba asilimia 15 ya mshahara. Tarehe 26 Juni 2019, akiwa na miaka 40 na michezo zaidi ya elfu moja golini, akasema basi, nyonga hairuhusu. Ilikuwa imebaki misimu mitatu.

Daftari likafunguliwa. Vancouver, kwa misimu yao minne, walimlipa zaidi ya milioni 30 kwa uzito wa milioni 21.3. Ongeza ile asilimia 15 ya miaka ya baadaye, deni likafika milioni 9.1. Gawa kwa tatu: milioni 3.03 kila msimu, kuanzia 2019-20 hadi 2021-22. Florida wakapewa kama milioni 1.09 kwa msimu. Na kikomo, ambacho karibu kila mwaka kilikuwa kikipanda, kikagandishwa na korona kwenye milioni 81.5 katikati ya misimu hiyohiyo. Mwaka 2020 Vancouver walikuwa na timu changa nzuri inayohitaji kubakiza watu wake. Kipa Jacob Markstrom na beki Chris Tanev wakaenda Calgary. Tyler Toffoli akaenda Montreal kwa uzito wa milioni 4.25, akafunga mabao 28 katika msimu ule mfupi. Sisemi Luongo peke yake ndiye aliyewafukuza. Vancouver walikuwa na mikataba mingine mibovu waliyoisaini kwa mikono yao, kijumbe asisingizie mwanachama mmoja. Lakini milioni tatu ni mchezaji wa maana, na mahali pake palikaa jina la mtu aliyekuwa Florida anakunywa kahawa.

Vancouver walinung'unika kwamba wanaadhibiwa kwa kanuni iliyotungwa baada ya tendo. Nami kwa hilo niko upande wao, ingawa si sana. Kusajili mkataba leo na kuutoza kesho si haki. Lakini walipouandika walijua vizuri miezi mitupu ya mwisho ilikuwa ya nini.

Hapo mzee mmoja, amekaa pale mbele na kofia yake ya kiua, alinikatiza. Akauliza, "Mwanangu, na asingestaafu? Angesema tu anaumwa?"

Shikamoo mzee wangu. Umefika nilikokuwa naelekea, na umefika kabla yangu.

Angesema anaumwa, hakuna ambaye angedaiwa. Ligi ina orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Mchezaji akiwekwa humo, timu inaruhusiwa kuvuka kikomo ili kuziba nafasi yake. Mkataba unaendelea kupumua, mshahara unalipwa, mara nyingi bima inachangia, miaka inapita, mwisho unaisha wenyewe na hakuna daftari linalofunguliwa. Nyonga ya Luongo ilikuwa mbovu kweli. Angeweza kulala ndani, watu wakapita na matunda. Aliamua kuaga, na kuaga ndiko kulikotozwa.

Chris Pronger, beki wa Philadelphia, aliumia mwaka 2011 jichoni na kichwani, na hakurudi tena barafuni. Hakustaafu kwenye makaratasi. Mwaka 2014 ligi yenyewe ikamwajiri katika idara ya usalama wa wachezaji, akiwa bado na mkataba wa timu. Juni 2015 mkataba wake ukahamishiwa Arizona, na mwaka huohuo akachaguliwa kuingia kwenye Jumba la Watukufu wa hoki. Mchezaji wa Arizona asiyejua hata kabati lake liko wapi. Marian Hossa wa Chicago, mkataba wa miaka 12 wenye misimu minne ya mwisho ya dola milioni moja moja, mwaka 2017 akasema ana maradhi ya ngozi, na dawa zake zina madhara asiyoyaweza. Misimu aliyoikosa ni ileile minne. Watu wakatia shaka. Mimi sitii. Ngozi ni yake, na nguo za hoki zikilowa jasho hata mzima anawashwa. Ninachosema ni kwamba kanuni imepangwa hivi: aliyelala hadaiwi, aliyehama anadaiwa. Baada ya muda watu hujifunza kulala. Mkataba wa Hossa nao ukaishia wapi? Arizona.

Kwa nini Arizona kila mara? Hapa kile kiwango cha chini kinarudi. Arizona ilikuwa timu maskini, ambayo mwishoni ilichezea ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika elfu tano, kabla wachezaji wake hawajahamishiwa Utah mwaka 2024. Timu kama hii haina shida na dari, shida yake ni sakafu. Lazima ifikishe kiwango cha chini, na haina pesa. Sasa wewe una jina lenye uzito wa milioni saba na malipo madogo au bila malipo kabisa. Kwako ni gogo, kwake ni tofali la kufikia sakafu. Anakupokelea, na anakuomba kitu kidogo cha shukrani.

Wenye jezi, sasa tumefika kwenu.

Datsyuk mkataba wake haukuwa wa hila ndefu. Ulikuwa wa miaka mitatu, milioni 22.5, uzito 7.5. Ila ulianza akiwa ameshavuka miaka 35, na kwa wazee ligi ilikuwa na kanuni ya peke yake tangu 2005: mkataba wa zaidi ya msimu mmoja ukimpa mtu wa umri huo, uzito wake unabaki kwenye daftari mpaka mwisho, acheze asicheze, astaafu asistaafu. Ilitungwa ili timu zisiwape wazee miaka ya bure. Msimu wa pili ulipoisha, Datsyuk, miaka 37, akasema anataka kurudi nyumbani Urusi. Alitangaza Juni 2016, akauacha mshahara wa msimu wa tatu. Detroit hawakumlipa hata senti ya msimu ule. Lakini milioni 7.5 zilikuwa ziendelee kukaa juu yao, kwenye kikomo cha milioni 73. Zaidi ya sehemu ya kumi ya bajeti, kwa mtu aliyeko St. Petersburg.

Siku ya kuchagua chipukizi, ambapo timu huchukua wachezaji vijana kwa zamu, Buffalo, meneja mkuu Ken Holland akazungumza na meneja wa Arizona, John Chayka, kijana aliyekuwa na miaka 26 alipopewa kazi ile mwezi uliotangulia. Wakakubaliana hivi. Detroit watoe jina la Datsyuk pamoja na zamu ya 16. Arizona watoe zamu ya 20, zamu ya 53, na Joe Vitale, ambaye naye alikuwa majeruhi. Kwa lugha ya Ngamiani: nichukulie deni langu, nami nitakupisha mbele kwenye foleni, hatua nne. Arizona kwa zamu ya 16 wakamchukua beki Jakob Chychrun. Detroit kwa 20 wakapata Dennis Cholowski, na kwa 53 Filip Hronek. Chychrun akawa beki wa kweli, Cholowski hakudumu, na Hronek, yule wa nyongeza, ndiye aliyewafaa Detroit. Chipukizi ni kama embe, huwezi kujua mpaka ulipasue.

Na ile nafasi ya milioni 7.5 waliyoikomboa? Ilisemwa waziwazi kwamba wanamtaka Steven Stamkos wa Tampa Bay. Stamkos hakutoka Tampa mwaka ule. Detroit wakampa Frans Nielsen miaka sita, milioni 31.5, mtu wa miaka 32. Msimu uliofuata, baada ya misimu 25 mfululizo ya kufuzu mtoano, wakakosa. Mimi nakumbuka kesho yake kazini, mwenzangu mmoja Mdetroit hakula chakula chake cha mchana mpaka saa tisa. Wakati huo Datsyuk alikuwa kwenye njia ya kubeba kombe la Gagarin, la ligi ya Urusi, na SKA, akiwa timu moja na Kovalchuk, na 2018 wote wawili wakavaa medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Kijana pale nyuma ameniuliza kama Datsyuk alikuwa kama yule mama wa lori. Nilimfikiria sana kabla ya kujibu. Mama wa lori alikula zaidi ya alichotoa, akatoroka alfajiri. Datsyuk aliaga mchana, hakubeba pesa ya msimu asioucheza, na misimu 14 aliitumikia timu moja, vikombe viwili vya Stanley, kombe la ubingwa wa NHL. Kanuni ya wazee haikuangalia amekula nini. Iliangalia tarehe ya kuzaliwa. Ile ya Luongo angalau inafungua daftari na kuhesabu, ndiyo maana mimi naiona bora kuliko hii, pamoja na vichaa vyake vya Nashville. Kovalchuk alilipiwa milioni tatu kwa sababu alizidisha milioni tatu. Kama ningekuwa kijumbe wa ligi ningebaki na hesabu hiyo kwa kila mtu, kijana na mzee, mwenye kuaga na mwenye kulala, na ningefuta swali la kwamba amesema anastaafu au hakusema. Neno la mdomoni lisibadilishe jumla ya chini ya ukurasa.

Namalizia, naona mama wa jikoni ananiangalia na mwiko.

Weber yule wa Montreal alicheza mara ya mwisho kwenye fainali ya mwaka 2021. Kifundo, goti, dole gumba, vyote vimekwisha. Hakustaafu. Jina lake liliuzwa Vegas mwaka 2022, likauzwa Arizona 2023, likahamia Utah pamoja na mizigo mingine. Novemba 2024, Toronto, lilisomwa tena, safari hii kuingizwa kwenye Jumba la Watukufu, huku mkataba wake ukiwa unaendelea hadi 2026. Jukwaani siku hiyo alikuwepo pia David Poile, meneja wa zamani wa Nashville, aliyeukubali ule mkataba wa miaka 14. Na alikuwepo Datsyuk, ameshastaafu na hana anayemdai.

Karibuni chakula.